Asubuhi Tuliyokataa Kuanika Omena

Tulikuwa wanawake watano pale bichi, upande wa Homa Bay unaotazamana na Mfangano. Mimi. Mke mwenzangu, aliyeolewa na mume wetu marehemu miaka minane baada yangu. Mke wa mwanangu wa kwanza. Wifi yangu, dada ya mume wetu, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa. Na jirani yetu mjane. Wa sita, mwanaume pekee, ni tajiri mwenyewe, mwenye mashua na lori la kupeleka omena, dagaa wa ziwani, Migori na Isebania. Mama yake na mimi tulibatizwa Jumapili moja. Majina yao ninayo yote, hata ya utotoni, lakini wengine bado wanatafuta kazi kwa tajiri huyo, kwa hivyo nayaacha.

Kazi yetu ilikuwa kuanika. Mashua zikifika asubuhi tunabeba omena kwa karai, tunazitandaza juu ya neti kuukuu, tunageuza mpaka zikauke. Tulilipwa kwa kila karai la omena zilizokauka. Mvua ikinyesha zinaharibika, zinauzwa kuwa chakula cha kuku, na sisi tunaenda nyumbani mikono mitupu. Tajiri alikuwa akisema mvua ni ya Mungu. Lakini hizo za kuku aliuza yeye.

Mke mwenzangu ndiye aliyesema tukatae mpaka akubali kutulipa hata siku ya mvua. "Omena haina subira," alituambia. "Jua likipanda kabla hazijaanikwa, zimeoza. Tukae tu. Atatusikiliza."

Lilikuwa neno la akili, na liliniuma kwamba halikutoka kwangu. Yeye alisoma mpaka darasa la nane. Mimi niliacha la tatu nikalee wadogo zangu. Hata barua ikija, mume wetu alipita mlango wangu akaenda kusomewa kwake.

Basi tukakaa, mikono mapajani, makarai yamejaa. Tajiri akafika. "Mama zangu, leo mmekuja kazini ama kanisani?"

"Tunangoja wewe utoe sadaka," mjane akamjibu, tukacheka.

Akauliza nani anatusemea. Wote wakamgeukia mke mwenzangu. Hakuna aliyenitazama mimi, mkubwa wake. "Haya mwalimu, njoo tuongee," tajiri akasema, wakaenda mpaka kwenye lori. Nikaona anateremsha kiti cha plastiki. Akamkalisha, yeye akabaki amesimama.

Katika maisha yangu hakuna mwanaume aliyewahi kusimama ili mimi nikae. Mke mwenzangu akakaa kama amezaliwa hapo. Kisha akacheka, kichwa nyuma, kicheko kile kile nilichokuwa nakisikia kutoka nyumba yake nikipika peke yangu kwangu.

"Anatupigania huyo," wifi akasema.

"Anajipigania. Kesho atakuwa msimamizi, nami nitabeba karai akinihesabia hatua."

Kwetu mke mkubwa ndiye huanza. Shamba la boma halipandwi mpaka mimi nitie mbegu ya kwanza, na hakuna anayevuna kabla yangu. Mume alipokufa, hicho ndicho kilichobaki changu bila kugawana. Nikasema moyoni, kama hapa patakuwa na wa kwanza, hatakuwa yeye. Nikainuka, nikabeba karai, nikamwaga omena kwenye neti.

"Mama, kwani wameelewana?" mke wa mwanangu akauliza.

Nikachukua karai la pili. Mkaza mwana hamuulizi mama mkwe mara mbili, akabeba lake. Wifi na mjane walipoona mkubwa ameanza, wakajua mambo yameisha vizuri. Wakaja wakiimba.

Tajiri alitutazama juu ya kichwa cha mke mwenzangu. Akatabasamu. "Mwalimu, wanafunzi wako wameshaanza somo. Hayo ya mvua tutaongea siku ingine." Akasubiri ainuke, akarudisha kiti kwenye lori.

Baadaye nilimsikia mke mwenzangu akimweleza wifi. Tajiri alimpa usimamizi, akaukataa. Tajiri alikuwa amekubali kutulipa nusu ya malipo siku za mvua, na mke mwenzangu alikuwa anamsukuma atulipe yote. Alisema hayo akigeuza omena, bila kuinua macho kwangu. Siku ya tatu mvua ikanyesha saa nane, tukaenda nyumbani na harufu tu. Mpaka leo mvua ni ya Mungu.

Hakuna aliyenilaumu. Wanasema tajiri alituchezea, na mke mwenzangu wanamsifu, yule aliyemfanya tajiri asimame. Nami nikisikia sifa hizo naondoka kabla hazijaisha, hata sasa, na kosa najua ni la nani.

Nimeandika nilivyokumbuka. Nyinyi mliokuwepo, nilipokosea nisahihisheni. Na kama kuna anayekumbuka kwamba mwingine aliinuka kabla yangu asubuhi ile, tafadhali aje aniambie.