Hodi kwa Mapacha

Daktari wa hadubini ana tabia ya kugonga meza kwa kidole kila anapochunguza uvimbe, taratibu, kama mgeni anayepiga hodi. Eustadia, mtaalamu anayetia rangi vipande vya nyama katika maabara hii ya Tabora, ameshamzoea. Leo daktari amegonga weee. Ni kipande cha uvimbe kutoka tumboni mwa mama mmoja wa Bukene. Kwa sura ni saratani, na daktari wa upasuaji ameshapanga kuliondoa tumbo lote la chakula.

"Eti dada, yule jirani yako wa kule mtaa wa Cheyo huwatambuaje mapacha wake?"

"Huwaita majina, daktari. Ila Doto mtundu, huitika hata akiitwa Kulwa."

"Basi tutawaita wote wawili."

Eustadia anatia rangi inayoshika kwenye saratani, chembe hazigeuki rangi. Anatia ya pili, ile ya uvimbe adimu usio na madhara unaofanana na saratani hiyo kama pacha, na chembe zote zinageuka kahawia. Kidole kinatulia. Sauti ya daktari, ya chini siku zote, inajaa kwenye simu anapompigia yule wa upasuaji:

"Kata uvimbe peke yake. Tumbo mwachie mama wa watu."