Matone ya Mama Masika

Niliondoka Butembo kwa sababu Mama Masika alikataa kwenda Beni peke yake, na kilichomzuia kilikuwa aibu, si vita. Mshonaji huyu wa sare za shule alikuwa amepandikizwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, lakini baada ya miezi michache jicho likarudia ukungu. Daktari aliyefika Beni kwa ndege ndogo, kila bunduki ziliponyamaza, aliandika kwamba upandikizaji wa pili unawezekana. Ila kwanza alitaka kujua ule wa kwanza uliharibikaje. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, na kazi yangu ilikuwa kuwasindikiza wanaosubiri upandikizaji pamoja na jamaa zao.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda lori la viazi lililokuwa limetoka Lubero. Wa tatu wetu alikuwa Yaya Kahindo, yaani Dada Kahindo, jirani ya Mama Masika na mwimbaji mwenzake wa kwaya ya parokia.

Kwenye mteremko wa Kabasha askari walitusimamisha kwa kamba iliyokatiza barabara. Mmoja aliitazama bandeji ya Mama Masika.

“Mama, jicho ingine uliacha ku nyumba?”

“Ndiyo, afande. Inachunga maharagi.”

Askari wakacheka mpaka mwenye kamba akaishusha. “Leka, mama, acha!” wakasema, wakatupungia tupite.

Kicheko kile kilimfungua moyo. Lori lilipoanza kuteremka, aliniambia: “Mwanangu, ile dawa ya matone walinipa hapana kuisha kwa jicho yangu. Niligawa.”

Ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umeingia katika kwaya. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi, waimbaji waliketi kwenye benchi na kuinua nyuso, naye akapita na chupa yake akiwatilia mmoja mmoja.

“Ningekatalia batu namna gani? Tunaimba pamoja!”

“Hata mimi nilipata,” akasema Kahindo. “Mara tatu.”

Sasa Mama Masika alikusudia kumwambia daktari kwamba vumbi ndilo lililoharibu jicho. Nilieleza kwa kirefu jinsi mwili unavyoukataa utando wa mtu mwingine ukikosa dawa ile, na jinsi sababu ya uongo ingeliponza jicho la pili pia.

“Umemaliza, muganga?” Kahindo akauliza. “Donc, basi kula ndizi.”

Saa nane mchana tulifika Beni, penye joto na harufu ya kakao iliyoanikwa. Daktari alilimulika jicho kwa muda mrefu.

“Matone uliyatumia yote?”

Mama Masika aliinamisha kichwa.

“Niligawa, docteur.”

“Mais, lakini ni sisi tulimalizia!” Kahindo akadakia. “Kwaya muzima. Hata batu ba sauti ya nne.”

Daktari akaweka tochi mezani. “Kwa hiyo mwili wake haukukataa bure. Hiyo ni habari nzuri. Lakini nikimpa utando mwingine, na kwaya ikaugua tena?”

Nilikuwa na jibu la kitabuni: afungiwe chupa, majirani wazuiwe. Kahindo alinitangulia.

“Tuko batu kumi na mbili tulipewa. Kila mutu atachukua saa yake, atamutilia yeye. Mwenye kukosa, hapana kuimba Dimanche ku misa.”

Daktari aliguna, kisha akacheka. Aliliandika jina la Mama Masika kwa ajili ya safari ijayo ya ndege, akadai karatasi yenye saini za wote kumi na wawili, na akatukabidhi chupa moja. “Hii ni ya kwaya, macho mekundu yakirudi. Ya kwake itakuja na jicho.”

Kesho yake tulirudi Butembo. Nilikuwa nimedhani kumsaidia mgonjwa ni kusimama kati yake na watu wanaomzonga. Watu hao hao ndio walioniletea karatasi yenye saini kumi na mbili, moja ya kidole gumba.

Jumamosi iliyofuata benchi lilijaa tena, ila safari hii Mama Masika ndiye aliyeketi na kuinua uso, huku waimbaji wakijifunza kutia tone kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, katika jicho lake zima. Kiongozi wa kwaya alikosa shabaha. Maji yakamwingia Mama Masika sikioni.

“Tuliza mukono,” akamwambia akijipangusa. “Ndege ikikuja, hii benchi ni ya mutu moja tu. Hapana kugawa!”