Jibu Lililobaki Arua

Nakumbuka siku moja ya soko kule Koboko, mwanangu, nilipowachekesha watu wa mkahawa mzima, nikarudi nyumbani nikijiona nimetenda jema. Ilinichukua wiki mbili kujua nilichokitenda. Kaa vizuri nikuhadithie tangu mwanzo, maana kosa lile lilizaliwa Arua, likapanda basi pamoja nami, na likashuka kabla yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa kijana, fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa barazani pa duka moja la Arua. Siku nyingine zote nilishona. Siku ya soko la Koboko nilifunga mashati na magauni ndani ya shuka, nikaenda kuyatundika huko.

Muziki haukuwa haba siku zile. Palikuwa na kumbi kubwa zenye magitaa ya umeme kutoka ng'ambo ya mpaka, ambako wakubwa na askari walicheza kwa viatu vinavyong'aa. Sikatai, nilikwenda. Lakini ukumbi mkubwa una tabia moja: unaingia na kutoka, na hakuna aliyejua kwamba ulikuwepo.

Kwa Mama Asha mambo yalikuwa mengine. Mama Asha alikuwa Mnubi, mjane mwenye mkahawa wa chai, na nyuma ya mkahawa alikuwa na ua uliozungushiwa mikeka. Watu thelathini wakiketi, ua umejaa, magoti yanagusana, na mtu akikohoa unajua ni nani bila kugeuka. Ijumaa baada ya sala ya alasiri tulikusanyika pale: Wanubi wa mtaani, wakulima wa Kilugbara walioleta tumbaku mjini, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na muuguzi ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kuvua sare yake. Kisha aliingia Mzee Candia, aliyetoka Omugo kwa baiskeli, na adungu yake imefungwa nyuma ndani ya blanketi kama mtoto mgonjwa anayepelekwa hospitali. Adungu ni kinubi chetu cha huku, chenye tumbo la ngozi na nyuzi tisa. Mzee Candia alipoigusa, hata birika la Mama Asha lilionekana kupunguza sauti yake ya kuchemka.

Pale palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika ukutani. Mzee alichagua mtu mmoja akamtania kwa wimbo, kwa jina lake, mbele ya wote. Aliyetaniwa alikuwa na haki ya kujibu juu ya nyuzi zilezile, na mzee hakuacha kupiga mpaka jibu lije. Liwe tamu, liwe chachu, lilingojewa. Akikosa jibu, jirani yake wa benchi alimjibia. Na baina ya utani na jibu, mtu haondoki. Mama Asha mwenyewe alisimama mlangoni na birika lake, na ukitaka kupita alikuambia, "Ngoja, baba. Wimbo bado iko na mguu moja."

Ndiyo maana tuliweza kutaniana bila kuumizana. Mwalimu aliimbiwa kwamba chaki yake imeisha lakini wanafunzi wake bado hawajui kusoma. Akajibu kwamba wengi wao ni wajukuu wa Candia. Chai ilimwagika siku hiyo, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Candia.

Sasa, mwaka ule nilipata redio ya kaseti. Ilikuwa nyeusi, yenye mkono wa kubebea na vifungo vitano, nami niliishonea mfuko wa kitambaa cha maua kama mama anavyomshonea mwanawe wa kwanza. Nilianza kwenda nayo kwa Mama Asha na kunasa nyimbo. Mzee Candia aliitazama mara moja tu, akauliza, "Hii inakunywa chai?" Watu wakacheka, nami nikachukua kicheko kile kuwa ruhusa. Ujana una njia zake za kusikia.

Ijumaa moja kuni zilikuwa zimelowa mvua. Asha, binti wa mwenye nyumba, alihangaika jikoni na moshi ukatujia uani. Asha alikuwa amechumbiwa Koboko, na wazee wa mchumba wake walingojewa kuja kupanga siku ya ndoa. Mzee Candia alikuwa amewahi kufika kuliko siku zote, kabla moto haujashika. Akakaza nyuzi, akaimba:

"Asha, Asha, jiko yako inalala,
mutu ya kukuoa atakula moshi."

Ua ukalipuka. Asha akatoka jikoni, unga umemfika viwikoni, macho mekundu kwa moshi. Na hapo, mwanangu, nikabonyeza kifungo nikaizima mashine. Nilitaka nyuzi na sauti ya mzee basi. Sauti ya msichana aliyekabwa na moshi niliona itaniharibia kaseti. Sikungoja. Asha akaimba, na mkanda wangu haukuwa ukizunguka:

"Candia, Candia, baisikeli yako iko na haraka,
mugeni wa mbele ya kuni, chakula yake ni moshi."

Mwalimu alisimama juu ya benchi. Mzee Candia aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa nyuzi, ishara yake ya kukubali kwamba ameshindwa. Nami nilikuwa nafunga mfuko wangu wa maua.

Siku ya soko nikaenda Koboko. Nilitundika mashati nje ya mkahawa mmoja pembeni mwa soko, nikaweka mashine juu ya meza. Utani wa Candia ukatoka, watu wakajaa. "Rudisha, fundi! Rudisha tena!" Nikarudisha. Nikarudisha mpaka betri zikachoka na sauti ya mzee ikawa nzito kama ya fahali. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akichagua gauni la mjukuu, akaniuliza, "Asha gani huyo?"

"Wa mkahawa wa chai kule Arua, shangazi. Binti ya mwenye nyumba," nikajibu kwa fahari, kana kwamba nimemzaa mimi.

Akalikunja lile gauni mara nne, akalirudisha mahali pake, akaenda zake.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa kwa ulimi wa mtu mwingine, jambo ambalo nadhani wahenga hawakulifikiria.

Siku ya wazee wa Koboko ikafika. Mama Asha aliazima mikeka kwa majirani, akafagia ua mara mbili, akafunga kuku miguu. Jua likapanda, likashuka. Hakuna aliyekuja. Siku ya pili dereva wa basi alileta ujumbe, akautoa akiwa ametazama chini: "Mama, wanasema watangoja kwanza. Shangazi Kiden anasema binti iko mvivu, mpaka soko yote ya Koboko inajua. Anasema hata kwao wanamuimba."

Shangazi Kiden alikuwa dada wa baba yake mchumba, na katika ukoo ule hakuna ndoa iliyopita bila neno lake la mwisho. Ndiye yule mama wa gauni. Mama Asha hakunitazama mimi. Alitazama mfuko wa maua mapajani pangu, akaingia ndani.

Ijumaa iliyofuata hapakuwa na wimbo. Mzee Candia alikaa na adungu ndani ya blanketi lake, akaniita mbele ya watu wote.

"Rajabu. Ile sanduku yako ilisikia nini?"

"Ilisikia wimbo wako, mzee."

"Na jibu ya Asha?"

Nikausogeza mfuko wa maua chini ya benchi.

"Ulikata."

"Nilikata, mzee."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilitania mutoto ndani ya nyumba ya mama yake. Wewe umemutukana sokoni, na umetumia mudomo yangu."

Nimepigwa fimbo maishani, mwanangu, na nimekimbia vita. Maneno yale ndiyo bado nayasikia nikilala chali.

Nikaropoka kwamba Asha aimbe tena, nami nitanasa jibu na kulipeleka Koboko. Mzee akaguna. "Sanduku itasimama mulangoni kuzuia watu? Jibu inataka mutu asimame, wamuone."

"Basi nitakwenda mwenyewe," akasema Asha kutoka jikoni.

Mama yake akaja juu. "Wewe? Uimbe mbele ya wakwe? Afadhali waseme wewe iko mvivu!" Alikuwa na haki. Kwa desturi yetu mchumba hapazi sauti mbele ya watu wa mume. Hata kuonekana sokoni kwao ni aibu.

Mzee Candia akaninyooshea kidole. "Aliyebeba swali atabeba na jibu."

"Mimi siwezi kuimba, mzee. Sauti yangu mbuzi wanaikimbia."

"Vizuri," akasema. "Hawataisahau."

Tukapanda basi, mimi na yeye, adungu imelala juu ya mapaja yetu. Mashine niliiacha chini ya kitanda. Njia nzima, baina ya mashamba ya mihogo na tumbaku, nilinong'ona mistari miwili ya Asha, mpaka mama mmoja aliyepakata kuku akaniuliza kama nina homa. Tulipofika nilizunguka soko lote nikiwaalika walionisikiliza siku ile: muuza nyama, wachuuzi wa samaki wakavu, wanyoa nywele. Mwisho nikabisha hodi kwa Shangazi Kiden.

"Mashine yako imekuja?" akaniuliza bila kufungua mlango wote.

"Hapana, shangazi. Nimekuja mimi."

Labda ni udadisi uliomtoa, sijui. Alikuja, akaketi karibu na mlango wa mkahawa kama mtu asiyetaka kukawia. Mzee Candia akaimba utani wake uleule, neno kwa neno. Walioujua wakacheka tena. Kisha nyuzi zikaendelea, na ilikuwa zamu yangu.

Nikasimama. Mistari yote ikanitoka kichwani. Nyuzi zikazunguka, zikazunguka tena, hazikuharakisha wala hazikunung'unika, zikiningoja kama mtu aliyekushikia mlango mvua ikinyesha. Nikaona unga kwenye mikono ya Asha, na maneno yakarudi. Nikaimba. Ee, mwanangu, niliimba vibaya! Lakini niliimba yote, mpaka neno la mwisho. Muuza nyama ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikapita benchi kwa benchi, na safari hii hakikuwa juu ya Asha.

Shangazi Kiden hakucheka.

"Hii jibu ni yako?"

"Ya Asha, shangazi."

"Alijibu lini?"

"Palepale. Mikono iko na unga."

Akafikiri. "Muvivu ningemufundisha," akasema. "Lakini huyu iko na ulimi. Sasa nani atafundisha nani?"

Nikajiona nimemtoa binti wa watu kwenye shimo moja na kumtumbukiza kwenye jingine. Shangazi Kiden akainuka, akakaza leso kiunoni, akamgeukia Candia. "Piga, muzee. Hapana kulala." Na kwa sauti nyembamba, iliyonyooka kama uzi wa sindano, akaimba:

"Asha, Asha, kwangu kuni iko kavu,
lakini shangazi yako anaamka mbele ya jogoo."

Wanawake waliokuwa dirishani wakapiga vigelegele. Shangazi Kiden akanisogelea mpaka nikanusa karafuu za nguo zake. "Peleka. Yote. Na jibu yake uniletee, hata kama itaniuma. Ukikata kidogo, mimi nitakata masikio yako."

"Mjumbe hauawi, shangazi."

"Hauawi," akasema. "Anakatwa masikio tu."

Nilifika Arua nikiwa nimeukariri wimbo ule kuliko jina la baba yangu. Nikamwimbia Asha mlangoni pa jiko. Akasikiliza akiwa anakanda, na kabla sijafunga mdomo akanijibu. Siku ya soko nikalipeleka jibu lile Koboko, zima kama yai, mpaka mlangoni pa Shangazi Kiden. Alipolisikia alijifunika mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka akalazimika kuketi juu ya kinu. Wiki ile wazee wakaja Arua, na Mama Asha akaazima mikeka mara ya pili.

Wengi wameniuliza Asha alijibu nini. Siwaambii, na wewe pia sikuambii. Lile lilikuwa la wanawake wawili na mlango mmoja. Wewe hukuwepo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Penda muziki wa karibu, ule wa nyumba ndogo ambamo mwimbaji anakujua na akikosa kukuona anauliza habari zako. Ingia mapema, keti, usiwe na haraka ya kuondoka. Ukitaniwa, jibu; ukikosa jibu, mwachie jirani yako akujibie, kwa maana penye wengi hapaharibiki neno. Lakini wengi hao sharti wangoje mpaka mwisho. Leo mna simu zinazonasa kila kitu, na sisemi mzitupe. Nasema usibebe nusu ya neno la mtu ukaipeleka mahali asipoweza kusimama kujitetea. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usitume kitu kikuombee radhi. Nenda kwa miguu yako, na sauti yako hiyohiyo mbaya.

Mungu akupe masikio yenye subira. Akupe majirani wanaokupenda kiasi cha kukutania, na wakwe wanaojua kucheka. Popote utakapoketi, benchi likupe nafasi, na chai ikukute ingali ya moto. Amina.