Tanuri Tuliloliacha Mugeta

Kwetu Mugeta, masika yakishapita, unaingia msimu ambao asubuhi ukungu unalala juu ya mashamba na upepo wa kutoka ziwani unakata masikio. Watu wa kwingine hucheka nikiwaambia Mara kuna baridi. Sisi watoto tulikuwa tunatoka kitandani na shuka mabegani, tunakimbilia kwa shangazi, kwa sababu siku kama hizo ndizo alizokuwa anaoka mkate.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliolewa, hakupata mtoto, akaambiwa arudi kwao. Aliona aibu kufika nyumbani moja kwa moja, akakaa kwanza Musoma akifanya kazi jikoni kwa masista, na huko ndiko alikojifunza kuoka. Baba alipomchukua na kumpa kiwanja karibu na nyumba yetu, hata kabla paa halijaezekwa vizuri, shangazi alikuwa ameshafinyanga tanuri la udongo wa kichuguu.

Unga wa ngano ulikuwa wa kutafuta. Baba akienda Bunda alileta kidogo, shangazi akauchanganya na wa mtama. Hamira hakuwa nayo. Aliumulia machicha ya pombe, kwa hiyo mkate wake ulikuwa na uchachu fulani ambao sijauonja tena popote. Alikoka moto ndani ya tanuri, akatoa makaa, akafagia kwa matawi mabichi, kisha akarusha konzi ya unga humo ndani. Ukiungua papo hapo, tunasubiri. Ukibadilika rangi taratibu, tunaingiza.

"Mikono!" alikuwa anasema, na sisi tunaionyesha, mbele na nyuma. Kila mmoja alipewa kipande chake cha donge. Mdogo wangu wa mwisho, msichana, siku zote alifinyanga ng'ombe. Pembe zilidondoka kila mara, na kila mara alilia.

"Huyu ni wa maziwa," shangazi alimwambia. "Pembe za nini? Kula kabla hajapoa."

Mtoto yule alizaliwa na mama, lakini alilala kwa shangazi, alikula kwa shangazi, akijikwaa alilia, "Shangazi we!" Mama alikuwa na pamba ya kupalilia na sisi wengine wa kutunza. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kisha ikaja amri ya serikali ya kuhamia kijiji kipya cha ujamaa. Tuliambiwa huko kutakuwa na shule, zahanati na maji, na kweli baadaye vilikuja. Lakini siku tuliyohama kulikuwa na viwanja vilivyopimwa kwa kamba tu, na nyasi. Baba aliezua nyumba, tukapakia miti, vyungu na kuku kwenye trela la trekta. Shangazi alizunguka tanuri lake, akaligonga kwa kiganja, akapanda trela.

Kijijini udongo ulikuwa wa kichanga. Alijenga tanuri jingine, likapasuka. Akachanganya samadi, akajenga tena, likabomoka na moto wa kwanza. Basi akaacha, akasema atatafuta kichuguu kizuri mvua zikinyesha.

Baridi ilitukuta kwenye vibanda vya nyasi ambavyo havijakandikwa, nyumba zikiwa zimebanana kuliko tulivyozoea. Surua ikaingia. Kwetu ilimshika mdogo wangu. Macho yalivimba, mdomo ukawa na vidonda, uji akaukataa. Shangazi alimbeba kutwa kifuani, ndani ya kanga.

"Unataka nini, mama yangu?" alimuuliza.

"Ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wa mkate?"

Akaitikia kwa kichwa. Mama alisema, "Wifi, nenda. Labda huo atakula."

Tuliondoka alfajiri, mimi na shangazi, na donge kwenye kikapu. Mji wetu wa zamani, pale tulipoezua nyumba, ulikuwa umeshamea nyasi kiunoni. Tanuri lilikuwepo, zima kabisa. Kuku wa mtu, sijui wa nani, alikuwa ametaga ndani yake. Shangazi alicheka, mara ya kwanza tangu mtoto augue, akayatoa mayai kwa uangalifu na kuyaweka kwenye majani. Tukaokota kuni. Ng'ombe alimfinyanga mwenyewe, akambana pembe kwa vijiti vyembamba ili zisidondoke. Na kweli, hazikudondoka.

Tulirudi tukitembea haraka, mkate umefungwa kwenye kitambaa, ungali na joto. Tulipofika mahali ambapo kibanda chetu kilionekana, tuliwaona wanaume wamekaa nje chini. Shangazi alisimama. Akanipa kikapu, akaanza kukimbia, mwanamke mzito yule, kanga ikimdondoka njiani nami nikiiokota.

Mama alikuwa mlangoni.

"Alikuwa anakuita wewe," alisema. "Mpaka mwisho, wewe tu."

Sidhani alisema hivyo kwa ubaya. Nadhani alitaka shangazi ajue. Lakini shangazi alikaa chini pale pale alipokuwa, kama mtu aliyepigwa, na wanawake ndio waliomwinua.

Baada ya maziko, ng'ombe yule alikuwa bado kikapuni. Hakuna mtu mzima aliyethubutu kumgusa. Mwishowe mama alimvunja, akatugawia watoto. Tulikuwa na njaa, tukala. Mtoto wa jirani akauliza kama kuna mwingine.

Shangazi hakuoka tena. Kabla ya mvua alihamia kwa ndugu zetu Butiama, akakaa huko akilima mihogo. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimtembelea, nikamwambia, "Shangazi, ulikuwaga unatuokea mikate. Nifundishe."

Alikuwa anamenya mihogo.

"Mtoto alikuwa mikononi mwangu," alisema, "nikamweka chini nikaenda kutafuta kuni."

Sikumwomba tena. Alipougua, ni mama aliyekwenda kumuuguza. Alikaa naye Butiama hadi alipokata roho, akamwogesha, akamvika. Niliwakuta siku moja kabla hajafa: wamelala kitanda kimoja mchana, chini ya blanketi moja, kwa sababu shangazi alikuwa anatetemeka na mama hakujua njia nyingine ya kumpasha joto.