Kinyonga wa Salfa

Nilipanda kutoka Masasi kwenda Newala kumpiga picha tai. Niliwatangazia watu wote, kosa langu la kwanza, maana mke wangu tayari ana albamu nzima ya picha zangu za matawi matupu, ndege wakiwa wametoka kuruka. Safari hii nilikuwa na lenzi mpya, ndefu kama mchi, na tai mwenyewe alionekana kila alfajiri juu ya shamba la shemeji yangu, mume wa dada, pale uwanda unapokatika na bonde la Ruvuma kuanza.

Ila alfajiri ndiyo saa ya kupuliza mikorosho. Majani yana umande, upepo umelala, unga wa salfa, dawa ya ukungu, unashika vizuri kwenye maua. Shemeji akawasha pampu mgongoni, ikanguruma kama pikipiki mbovu, wingu la njano likapanda mitini, na tai akaenda zake Msumbiji.

Nilikuwa nimeshanuna nilipoona tawi linatembea.

Alikuwa kinyonga, amepakwa salfa kuanzia pua hadi mkia, wa njano kuliko alivyowahi kujigeuza mwenyewe. Jicho moja lilikuwa limezibwa kabisa. Likaanza kuzunguka taratibu, na ule unga ukapasuka nyufa.

"Shemeji, zima!"

"Nizime nini? Upepo ukiamka, salfa yangu yote inakwenda Tandahimba."

"Kidogo tu."

"Tai amerudi?"

"Kinyonga."

Akazima, nadhani kwa mshangao, kisha akarudi nyuma. Yeye na kinyonga hawana urafiki.

"Mtu mzima na digrii yake," alisema kutoka mbali.

Lenzi ya tai haioni kitu kilicho karibu. Ilinibidi nirudi kinyumenyume mpaka nikaingia kwenye mbaazi, nusura nidondoke. Ndipo jicho likatoka ndani ya unga, safi, jeusi, likanigeukia. Nilibonyeza, nikabonyeza tena, na nadhani nilikuwa nacheka.

Jani moja likatikisika. Halafu yote. Upepo ulikuwa umeamka, na safu ya mwisho ya mikorosho ilikuwa haijapulizwa. Shemeji aliitazama, akaivua pampu mgongoni. Afadhali angenitukana.

"Haya, umepata?"

Nikamwonyesha. Aliishika kamera mbali na uso, akatazama muda mrefu.

"Kumbe jicho lake lina magamba," alisema. "Sawa. Kesho pampu unabeba wewe."

Nikabeba. Kesho yake nilikuwa nyuma, mgongo unawaka moto, salfa imenijaa puani. Shemeji alitangulia, kamera yangu ameivaa shingoni, akichungulia kila mkorosho tawi kwa tawi kabla hajaniruhusu kuupuliza. Dada alituona kutoka njiani, akatikisa kichwa.

Ikabaki miti miwili. Upepo ulikuwa bado umelala, lakini si kwa muda mrefu. Shemeji akasimama ghafla, akanipungia mkono, akanielekeza kwenye swichi.

"Kinyonga," alinong'ona pampu iliponyamaza. "Na usikohoe."