Kabati la Vitabu na Maji ya Ndiva

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama mkwe wangu alitua mzigo wa kuni mlangoni mwa maktaba ya kijiji, akasema haondoki mpaka nipewe kitabu.

Nilikuwa mgeni kwa mume wangu huku milimani, enzi za Ujamaa. Shule niliishia darasa la pili. Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Kisomo kikaisha, nyumbani hakuna hata karatasi ya kusoma, na herufi zikaanza kunitoka kichwani. Nililia. Usicheke.

Maktaba tulikuwa nayo, chumba kimoja. Tulikijenga kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Mawe tulibeba sisi wanawake! Lakini vitabu vilipokuja, Elieza aliyepewa ufunguo akavifungia kabatini, eti wageni wavione vikiwa vipya.

"Shikamoo, mama," Elieza alisema.

"Marahaba. Fungua kabati, mkwe wangu anataka kusoma."

"Mama, vile vinatunzwa."

"Kama maji ya ndiva?"

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, unalijua.

"Ndiyo, mama. Hivyo hivyo."

"Ndiva tunaiziba jioni, asubuhi tunaifungulia mashambani. Wewe umeziba tangu mavuno. Utafungulia lini, tukishakauka?"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya duka la kijiji, hapo jirani, wakaangua kicheko. Elieza naye akacheka, akatoa ufunguo.

Nilinawa mikono kwanza. Nikapata kitabu cha kufuga kuku. Jioni nikasoma kwa kuburuza silabi, makande yakichemka, mama mkwe akisikiliza.

"Aliyeandika hiki hajaibiwa vifaranga na mwewe," akasema. "Haya, endelea."

Hakujua herufi hata moja, lakini nikinyamaza ananigusa na kiwiko. Zangu hazikunitoka tena. Mpaka leo karatasi ya dawa najisomea mwenyewe.

Sasa wewe unapita maktaba ya mjini, mlango wazi, unakwenda kukaa kijiweni. Uvivu tu! Ingia, mwanangu. Wapeleke na watoto. Kitabu ukirudishe kisafi, mwenzako anakingoja. Na ukikuta wamefunga, tua mzigo wako hapo hapo mlangoni.

Mungu akuachie macho yako mpaka uzeeni, na akupe mtu wa kukugusa na kiwiko unaponyamaza, kama alivyonipa mimi.