Msumari wa Kisu cha Baba

Kila nikinusa mafuta ya taa namwona baba mlangoni mwa nyumba yetu, nje ya Kitale, ameshika kisu cha kukunja alichorudi nacho kutoka vitani. Msumari wake mnene wa kufungulia mafundo ya kamba, uliokunjwa ubavuni mwa kisu, nilikuwa nimeusugua kwenye jiwe siku tatu, ukawa mwembamba kama sindano.

"Nani ameharibu kisu yangu?"

Mdogo wangu akajificha nyuma yangu.

"Ni mimi, baba. Nilimtoa huyu mdogo wangu funza miguuni kwa huo msumari, nikampaka mafuta ya taa."

Akaijaribu ncha kwa kidole. Nikafumba macho nikingoja kofi. Badala yake nikasikia kiti kikilia. Nilipofumbua, baba, ambaye hatukuwahi kumwona bila buti, alikuwa amenyoosha mguu mtupu, vidole vimevimba kwa funza.

"Funga mlango kwanza," akasema.